Kinjeketile wa Ngarambe na Kinjeketile wa Jukwaani: Mtu wa Historia Anapofanywa Mhusika wa Tamthilia

Tarehe 4 Agosti 1905, huko Mohoro katika nchi ya Rufiji, serikali ya Wajerumani ilimnyonga mtu mmoja wa Ngarambe aliyeitwa Kinjeketile Ngwale. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza. Pamba ya Nandete katika milima ya Umatumbi ilikuwa imeng'olewa mwezi uliotangulia tu, na sehemu nyingi zilizokuja kuwaka moto zilikuwa bado zimetulia. Miaka 64 baadaye, yaani mwaka 1969, mtu huyo, au tuseme mtu mwenye jina hilo, alisimama jukwaani mjini Dar es Salaam katika tamthilia ya Ebrahim Hussein inayoitwa kwa jina lake. Kinjeketile huyu wa pili hakunyongwa vita vikianza. Aliachwa aishi hata akaona watu wake wakishindwa mbele ya bunduki za Wajerumani, kisha akafungwa gerezani pamoja na rafiki yake Kitunda, na huko akatakiwa akiri ya kwamba maji yalikuwa uongo.

Baina ya watu hawa wawili ndipo ilipo hoja ya makala hii. Mtunzi anayemchukua mtu aliyeishi kweli, akamtoa katika kumbukumbu na kumfanya mhusika, humpa marehemu vitu ambavyo hakuwa navyo: siku za ziada, mkutano ambao haukufanyika, maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Je, ana haki hiyo? Nitajaribu kuonyesha ya kwamba anayo pale hati zinaponyamaza, hasa hati zenyewe zikiwa zimeandikwa na mkono uleule uliomwua. Lakini pale ambapo hati inasema, na inasema jambo zito kuliko lolote tuwezalo kubuni, haki hiyo hupungua sana. Swali hili si la wasomi wa fasihi peke yao. Wachungaji na wanafunzi wa theolojia huandika michezo ya jubilei za sharika, na kila Jumapili huwaleta mimbarani watu waliokufa ambao hawawezi kusimama na kusema, "Hivyo sivyo ilivyokuwa."

Kwanza hatuna budi kuuliza Hussein alikuwa na nini mkononi. Maandishi ya wakati ule wa vita yalikuwa ya upande mmoja. Gavana Graf von Götzen, aliyeitawala koloni vita vilipozuka, alitoa kitabu chake juu ya uasi huo mwaka 1909, naye ni mtawala anayejieleza mbele ya watu wa kwao. Kulikuwa na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliopigwa chapa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1933, ambao unayatazama mambo kutoka pwani, si kutoka Ngarambe. Kulikuwa pia na maandishi ya wamisionari. Martin Klamroth wa Misheni ya Berlin aliandika kwa uangalifu juu ya imani za Wazaramo na habari za Kolelo, na maandishi yake hayana budi kusomwa hata leo. Lakini naye alikuwa mgeni aliyesikia habari kwa watu walioshindwa, ambao walijua vema ni nani anayewauliza.

Hali hiyo ilibadilika mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipowatuma watafiti na wanafunzi vijijini kuwauliza wazee waliokumbuka vita. G. C. K. Gwassa na John Iliffe wakahariri kitabu cha kumbukumbu hizo, na Gwassa akaendelea na kazi kubwa ya udaktari aliyoimaliza mwaka 1973. Hapo ndipo Kinjeketile alipoanza kuonekana kama mtu mwenye nyumba, jamaa na majirani. Wazee wa Umatumbi walisimulia jinsi alivyochukuliwa na pepo Hongo, akatambaa kwa tumbo mpaka akaingia katika kidimbwi cha maji. Jamaa zake wakalala kando ya kidimbwi wakimngoja. Wengine wakazamia wasimwone. Asubuhi akatoka mzima, nguo zake zikiwa kavu. Kisha akaanza kunena: wazee waliokufa watarudi, simba na chui hawatakula watu tena, na watu wote ni wa Seyyid Said.

Naomba msomaji asimame kidogo juu ya neno hili la mwisho, kwa maana ndilo mlango ambao mtunzi aliingilia. Katika ushuhuda wa wazee linapita upesi, kama jambo moja kati ya mengi. Seyyid Said mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1856, karibu miaka 50 kabla ya vita. Yamkini kwa wasikilizaji wa Ngarambe jina lake lilikuwa na maana ya enzi ya zamani, kabla ya kodi, akida na shamba la pamba la kulazimishwa. Mwanahistoria huliandika pamoja na mengine, akaendelea na kazi yake. Hussein hakuendelea. Alilichukua neno lile akalifanya jiwe la kukwaza. Katika tamthilia Kinjeketile ananena akiwa amepagawa, kisha anaporudiwa na fahamu anaambiwa aliyoyasema, na miongoni mwake ni kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anashtuka. Kumfukuza bwana mmoja ili wawe chini ya bwana mwingine, huo utakuwa ukombozi gani? Na kama neno hilo si la kweli, basi ni nani aliyelisema kwa kinywa chake? Tangu hapo mtu yule anayeaminiwa na makabila yote hana amani. Amewapa watu umoja ambao hawakuwa nao, na umoja wenyewe umesimama juu ya neno ambalo yeye mwenyewe halina hakika kwake. Anataka wangoje. Hawangoji.

Hapo ndipo tunapoona sababu ya mtunzi kumwongezea marehemu siku za kuishi. Mtu aliyenyongwa mwanzoni mwa vita hawezi kuona maji yakishindwa, hawezi kuulizwa, "Unasemaje sasa?" Habari za kunyongwa kwake zilizoandikwa zinamwonyesha akitangaza ya kwamba kumnyonga hakutafaa kitu, kwa kuwa dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Huyo ni mtu asiye na shaka hata kidogo. Wa Hussein naye anakataa kukana, lakini kwa sababu nyingine kabisa: anaona ya kwamba akikana, adui atawaambia wajukuu kuwa baba zao walipigania uongo, na vita vyao vitahesabiwa upumbavu. Neno limekwisha kuzaliwa, nalo limekuwa kubwa kuliko mtu aliyelizaa. Anakubali kuonekana mwongo mbele ya walio hai ili wajukuu wasinyang'anywe kumbukumbu yao.

Kwa maoni yangu hii ni kazi ya haki. Hussein hakugeuza jambo ambalo wazee walilishuhudia. Alichukua lile ambalo hakuna mzee angeweza kulishuhudia, yaani moyo wa mtu usiku akiwa peke yake. Tena katika utangulizi wake alisema waziwazi kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha fikra, asichukuliwe kuwa yule wa historia. Mtunzi mwenye haraka angeuacha utangulizi huo, apate sifa ya kusimulia "kisa cha kweli". Yeye alijinyima sifa hiyo, na kwa kufanya hivyo alimlinda yule aliyenyongwa Mohoro.

Lakini utangulizi haupandi jukwaani. Tamthilia hii imesomwa shuleni kwa miaka mingi, Tanzania na Kenya, na wengi waliosoma ukurasa wa kwanza kwa ajili ya mtihani wamekwisha kuusahau, wakabaki na mtu mwenye mashaka. Leo ukiuliza Kinjeketile alikuwa nani, utajibiwa na tamthilia. Si ajabu kusikia mhubiri akimtaja kuwa nabii wa uongo aliyejua moyoni kwamba anadanganya, kana kwamba kuna hati inayosema hivyo. Hakuna. Shaka ile ni mali ya Hussein, nayo ilizaliwa miaka ya 1960 katika nchi iliyokuwa imejipatia uhuru na kutoa Azimio la Arusha mwaka 1967, ambako swali la nani atakayekuwa bwana baada ya bwana kuondoka halikuwa swali la kale. Mashahidi wa Umatumbi wanatupa mtu anayeamini. Kumhukumu marehemu kwa dhambi aliyoitungiwa na mshairi ni jambo la kutisha kidogo, hasa likifanywa na watu waliofundishwa amri ya nane, ambayo Luther katika Katekisimo Ndogo aliieleza kuwa inatutaka si kuacha kusingizia tu, bali kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Sioni mahali ambapo aliondoa majirani waliokufa.

Wala tusifikiri ya kuwa jambo hili halina uzito kwa sababu ni la zamani. Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 waliokufa katika vita hivyo na njaa iliyofuata. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Watu wa Umatumbi, Ungindo, Ungoni na Ubena ni wajukuu wa hao. Kusema kwamba mtu waliyemfuata alijua ni uongo ni kusema neno juu ya wote hao.

Miaka ileile ya 1960, nchi iliyokuwa imetawala Tanganyika ilikuwa nayo ikipambana na swali hili hili, na kwa watu ambao vifo vyao vilikuwa vya jana. Tarehe 20 Februari 1963 tamthilia ya Rolf Hochhuth, Der Stellvertreter, ilionyeshwa Berlin kwa mara ya kwanza. Mmoja wa wahusika wake anatuhusu kwa namna ya pekee: Kurt Gerstein, Mkristo wa Kiinjili, mhandisi, mtu wa Kanisa Ungamo, aliyejiunga na kikosi cha SS mwaka 1941 na mwezi Agosti 1942 akaona kwa macho yake watu wakiuawa kwa gesi huko Belzec. Alimweleza mwanadiplomasia wa Sweden katika treni ya usiku. Alimpelekea habari Askofu Otto Dibelius. Alikwenda kwa balozi wa Papa mjini Berlin, akafukuzwa mlangoni. Mwaka 1945 aliandika taarifa yake, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo akakutwa amekufa katika gereza la kijeshi mjini Paris.

Hochhuth alimwachia Gerstein jina lake, lakini akambuni padre kijana, Riccardo Fontana, ili apate mtu wa kuifikisha habari mpaka kwa Papa. Nayo tamthilia akaiweka wakfu kwa makasisi wawili walioishi kweli, Maximilian Kolbe na Bernhard Lichtenberg. Mpaka hapo hatuna ugomvi naye. Ila katika tendo la kwanza anamwingiza Gerstein ndani kwa balozi wa Papa, akasimama mbele yake akasema yote. Jukwaani onyesho hilo lina moto. Hata hivyo nadhani Hochhuth alipoteza zaidi ya alichopata. Hati inasema kwamba mlango ulifungwa kabla hajanena. Balozi anayesikia na kugeuka upande ni mtu mmoja mwoga. Mlango unaofungwa kabla ya neno kusemwa ni taasisi nzima. Hapa hati ilikuwa na nguvu kuliko ubunifu, na mtunzi hakuitegemea.

Hatuwezi kuliacha jina la Gerstein bila kuongeza jambo moja. Mwaka 1950 baraza la Tübingen lililochunguza waliohusika na utawala wa Nazi lilikataa kumsafisha, likisema angaliweza kufanya zaidi, na mjane wake akabaki na hukumu hiyo. Mwezi Januari 1965, karibu miaka miwili baada ya tamthilia kuonyeshwa, serikali ya jimbo la Baden-Württemberg ilimrudishia heshima yake. Sitasema ya kwamba jukwaa ndilo lililomsafisha. Ila kati ya hukumu hizo mbili watu wengi walikuwa wamelisikia jina lake kutoka jukwaani, na aliyekuwa na pensheni ya kupata au kukosa hakuwa kiumbe cha fikra.

Peter Weiss alishika njia nyingine. Tamthilia yake Die Ermittlung, iliyoonyeshwa tarehe 19 Oktoba 1965 siku moja katika majumba mengi ya michezo ya Ujerumani Magharibi na Mashariki, imetungwa kwa maneno yaliyosemwa katika kesi ya Auschwitz mjini Frankfurt, iliyoanza Desemba 1963 na kwisha Agosti 1965. Hakubuni mkutano wala moyo wa mtu. Alichagua, akakata, akapanga. Kisha akafanya jambo ambalo kila mwandishi wa michezo ya kanisa angefaa kulitafakari: washtakiwa 18 wanaitwa kwa majina yao halisi, lakini mashahidi 9 hawana majina, kwa kuwa kila mmoja wao anabeba maneno ya wengi. Aliyetenda anajibu kwa jina lake. Aliyeteswa hanyang'anywi uso wake apewe mwigizaji. Yapo malalamiko dhidi ya njia hii, na moja lina haki: hao waliokwisha kufanywa namba na wauaji wanakosa majina mara ya pili. Lakini Weiss hakumtia mtu kinywani neno ambalo hakulisema, na hilo ni jambo la heshima.

Filamu huleta shida ya aina yake, kwa maana jicho huamini upesi kuliko sikio. Wengi wetu tumeiona filamu ya Luther iliyotoka mwaka 2003, na sharika kadhaa zimeitumia katika mafundisho. Kwa jumla ni filamu nzuri. Mama maskini Hanna na binti yake mlemavu ni wa kubuniwa, nao hawamdhuru mtu. Lakini kuna pale Luther anapomkabidhi Mteule Friedrich Agano Jipya la Kijerumani mkononi, wakitazamana uso kwa uso. Katika historia watu hawa wawili hawakupata kuzungumza pamoja. Mambo yao yote yalipitia kwa Georg Spalatin. Onyesho linagusa moyo, lakini limeficha jambo kubwa zaidi: mtawala aliyemlinda mtu ambaye hakukaa naye hata saa moja, na mwandishi wa ofisini ambaye bila barua zake huenda Matengenezo yangechukua sura nyingine. Spalatin ni mtu asiyefaa kwa filamu. Anaandika barua tu.

Tukirudi nyumbani, michezo yetu ya jubilei ina desturi yake. Mmisionari huja na jina lake, tarehe yake ya kuwasili na kofia yake. Chifu huja na jina lake pia, mara nyingi akiwa mkali mwanzoni na mpole mwishoni. Mwinjilisti wa kwanza, aliyetafsiri mahubiri, aliyebeba mizigo na kuonyesha njia, huitwa "Mwinjilisti". Tofauti na Weiss, sisi hatukumnyima jina kwa sababu ya heshima. Tulifuata hati, na hati iliandikwa na mmisionari kwa wafadhili wake wa Ulaya. Kabla ya kubuni, basi, kuna kazi ya kutafuta. Watafiti wa mwaka 1968 walipata wazee wa kuwauliza. Sisi tuna wajukuu, vitabu vya ubatizo, na makaburi.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayetaka kuandika mchezo juu ya Yakobi, kituo cha Misheni ya Berlin huko Ubena, kilichoshambuliwa Septemba 1905. Mmisionari Paul Gröschel alikilinda pamoja na Waafrika waliokuwa naye, na mwaka 1911 akatoa kitabu juu ya miaka yake kumi ya kazi. Gröschel, kwa hiyo, ana sauti; apewe maneno yake mwenyewe, hata yale yasiyotupendeza leo, asipambwe wala kudhihakiwa. Waafrika waliokuwa ndani pamoja naye walikuwa na sababu zao za kubaki, na hatuna haki ya kuzifanya zote kuwa imani wala zote kuwa hofu. Mwandishi awape mazungumzo ya kubuni, akisema kwa maandishi, katika karatasi ya utangulizi watakayopewa watazamaji, ya kwamba yamebuniwa. Aliye mgumu kuliko wote ni mtu wa nje, Mbena mwenye mkuki aliyeamini maji. Amezoea kuigizwa akipiga kelele tu. Apewe dakika tano za kusema kwa utulivu kwa nini amekuja, kama Hussein alivyompa Kinjeketile usiku wa kufikiri. Na kabla ya onyesho la kwanza mwanafunzi huyo auchukue mchezo wake, aupeleke Ubena kwa wazee ambao jamaa zao walianguka upande ule, ausome mbele yao, na akae kimya mpaka wamalize kusema.